Ugonjwa wa figo wa kichocho cha tumbo

Ugonjwa wa figo wa kichocho cha tumbo ni uharibifu wa vichujio vya figo unaowapata baadhi ya watu waliokaa muda mrefu na minyoo aina ya Schistosoma mansoni. Minyoo hao huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Wao wenyewe hawaingii kwenye figo, na kwa kawaida hata mayai yao hayafiki huko. Kinachoziumiza figo ni uchafu wa minyoo unaozunguka katika damu, pamoja na kinga ya mwili inayoushambulia uchafu huo.

Ugonjwa huu umechunguzwa zaidi Misri na Brazili, lakini minyoo wanaousababisha wameenea pia Afrika Mashariki na Kati: kandokando ya Ziwa Viktoria katika Tanzania, Kenya na Uganda, kandokando ya Ziwa Albert, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Tofauti na kichocho cha mkojo

Wanafunzi wengi wanaposikia "kichocho" hukumbuka mkojo wenye damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, kinachosababishwa na mnyoo mwingine, Schistosoma haematobium, ambaye ndiye anayejulikana Unguja, Pemba na sehemu nyingi za bara. Mayai yake hukwama katika kuta za kibofu na za mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Kuta hizo hupata makovu, mirija hubana, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba kwa shinikizo. Ni kama mtaro ulioziba: tatizo liko chini, lakini maji hufurika juu.

Kichocho cha tumbo hufika kwenye figo kwa njia nyingine kabisa. Mirija ya mkojo iko wazi, kibofu ni kizima, na mkojo hauna lazima ya kuonyesha damu machoni. Mgonjwa huharisha mara kwa mara, wakati mwingine kinyesi chenye damu, au hana dalili yoyote. Ndiyo maana watu wachache hufikiri kwamba ugonjwa wa tumbo unaweza kuishia kwenye figo, na ndiyo maana mgonjwa anayefika hospitali akiwa amevimba miguu huenda asiulizwe alikulia wapi na alioga maji gani.

Mnyoo na mlo wake

Mtu huambukizwa anapoingia kwenye maji baridi yenye konokono wa jenasi ya Biomphalaria. Ndani ya konokono hao hukua viluwiluwi wadogo wenye mkia uliogawanyika. Viluwiluwi hao hutoka majini mchana, jua likiwa juu, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Hupita kwenye mapafu, hukomaa katika mishipa ya ini, kisha dume na jike hukutana na kuhamia pamoja kwenye vena za utumbo. Dume ana urefu wa takriban sentimita 1, na mwili wake umejikunja na kufanya mfereji ambamo jike hulala. Jike huweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Minyoo huishi kwa kawaida miaka 3 hadi 10, na wachache wameripotiwa kuishi zaidi ya miaka 30 ndani ya mtu aliyehama zamani kutoka eneo la maambukizi.

Jambo la kuangaliwa hapa ni namna mnyoo huyu anavyokula. Chakula chake ni chembe nyekundu za damu. Ana mdomo na utumbo, lakini hana tundu la haja. Akimaliza kusaga damu, mabaki huyatapika kwa njia ileile ya mdomo, na kwa kuwa anaishi ndani ya mshipa, matapishi yake huingia moja kwa moja katika damu ya mwenyeji wake. Pamoja na mabaki hayo hutoka antijeni zinazotengenezwa na ukuta wa utumbo wa mnyoo. Hili hurudiwa kila siku, kwa miaka.

Mwili huzitambua antijeni hizo kuwa ni za kigeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Antijeni na kingamwili zikikutana hushikamana na kufanya mafundo madogo sana yasiyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Kutengenezwa kwa mafundo hayo si ugonjwa. Ni kazi ya kila siku ya kinga. Swali ni nani anayeyafagia.

Sehemu ya ini

Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kuingia katika mzunguko mkuu. Katika ini zimo chembe maalumu zinazomeza takataka, na mafundo ya kinga ni sehemu ya takataka hizo. Mtu mwenye minyoo wachache na ini zima huweza kuishi na kichocho cha tumbo kwa miaka bila figo zake kudhurika.

Mambo hubadilika ini linapoanza kujaa makovu. Mayai mengi hayatoki na kinyesi. Hubebwa na damu hadi kwenye ini, hukwama katika matawi madogo ya mshipa unaotoka utumboni, na kila yai huzungukwa na uvimbe mdogo ambao baadaye hugeuka kovu. Makovu hayo hufuata matawi ya mshipa kama gome linavyofuata mti. Mwaka 1904 daktari William Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Kairo, aliyalinganisha na mashina ya viko vya udongo, na mfano huo bado unatumika katika vitabu vya tiba.

Damu inayotoka utumboni ikikuta njia imebana, hutafuta njia za pembeni. Bandama huvimba, wakati mwingine hadi kushuka chini ya kitovu. Mishipa ya umio hutanuka na inaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu; hayo ndiyo madhara yanayojulikana zaidi na yanayoua kwa haraka. Lakini njia za pembeni zina athari ya pili isiyo na kelele: damu inayopitia huko imelikwepa ini. Antijeni na mafundo ambayo yangemezwa sasa hupita moja kwa moja hadi kwenye moyo, na kutoka hapo hadi kwenye figo.

Jambo hili lilijaribiwa kwa panya katika miaka ya 1970. Panya walioambukizwa kichocho cha tumbo na kufungwa kwa sehemu mshipa unaoingia kwenye ini walikuwa na mafundo mengi zaidi ndani ya figo kuliko wenzao walioambukizwa tu. Kwa binadamu pia picha ni hiyohiyo: ugonjwa wa figo huonekana hasa kwa wale ambao tayari wana makovu ya ini na bandama kubwa. Katika tafiti za Brazili, takriban watu 10 hadi 15 katika kila wagonjwa 100 wa kundi hilo walikuwa na dalili za figo.

Kinachotokea ndani ya figo

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Kila kichujio ni kishada cha mishipa myembamba ya damu. Kwa siku nzima vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita 1 hadi 2, ndicho mkojo. Kichujio kizima hupitisha maji, chumvi na taka, na huzuia chembe za damu na protini.

Mafundo ya kinga hunasa katika tishu inayoshikilia kishada cha mishipa. Mwanzoni tishu hiyo huongezeka tu, na mtu hajisikii chochote. Mafundo yakiendelea kuja, ukuta wa mishipa hunenepa na kugawanyika, na protini huanza kuvuja. Mwishowe vichujio, kimoja baada ya kingine, hugeuka kovu gumu lisilochuja kitu. Kuna pia kingamwili ya aina ya A, ambayo hutengenezwa kwa wingi katika utando wa utumbo na kwa kawaida huondolewa na ini. Kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa figo uliokomaa, kingamwili hiyo hukutwa imelundikana katika vichujio, na huaminika kuwa na mchango mkubwa katika kuusukuma ugonjwa mbele.

Madaktari wa figo wa Afrika wameugawa ugonjwa huu katika madaraja kulingana na kinachoonekana kwa hadubini. Mtaalamu anayehusishwa zaidi na mgawanyo huo ni Rashad Barsoum wa Kairo, aliyeueleza kwa kirefu mwaka 1993. Kwa msomaji wa kawaida madaraja yote si ya kukariri, ila daraja la pili linastahili kutajwa peke yake.

Daraja hilo huja kwa ghafla, na nyuma yake kuna bakteria wa jamii ya Salmonella, jamii ya bakteria wa homa ya matumbo. Bakteria hao hujishikiza kwenye ngozi ya minyoo na kujificha huko, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya homa, hupata nafuu, kisha homa hurudi. Figo hupata uvimbe mkali. Hapa kuna habari njema: akitibiwa minyoo na bakteria kwa pamoja, mgonjwa wa daraja hili mara nyingi hupona. Akitibiwa bakteria peke yake, minyoo hubaki kuwa maficho.

Dalili

Kwa muda mrefu hakuna dalili. Ishara ya kwanza inaweza kuwa mkojo wenye povu jingi lisilopotea upesi, kwa sababu ya protini iliyomo. Baadaye uso huvimba asubuhi, hasa kuzunguka macho, na miguu huvimba jioni. Protini ikipotea kwa zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, uvimbe huenea mwili mzima. Shinikizo la damu huweza kupanda. Figo zikifikia kushindwa kazi, mgonjwa huchoka, hukosa hamu ya chakula, hutapika, huwashwa ngozi na hupungukiwa damu.

Uvimbe wa tumbo huleta utata. Mgonjwa wa kichocho cha tumbo anaweza kujaa maji tumboni kwa sababu ya ini, kwa sababu ya figo, au kwa sababu ya vyote viwili. Mtoto aliyevimba uso na miguu huweza kudhaniwa kuwa na utapiamlo, na katika vijiji vingine uvimbe wa aina hii hupelekwa kwa mganga kwanza. Kijikaratasi cha kupima mkojo, ambacho hubadilika rangi kikikuta protini, huweza kuonyesha haraka kwamba figo zinavujisha, na ni kipimo cha gharama ndogo.

Vipimo

Mayai ya minyoo hutafutwa katika kinyesi. Yai la Schistosoma mansoni lina mwiba ubavuni, na la kichocho cha mkojo lina mwiba mwishoni. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowasaidia wachunguzi wa mwanzo kutenganisha magonjwa haya mawili. Njia inayotumika sana ni ya Kato na Katz, iliyoanzia Japani na kuboreshwa Brazili. Miligramu 41.7 za kinyesi hukandamizwa chini ya karatasi angavu, mayai huhesabiwa, na idadi huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai katika gramu 1.

Kipimo kingine hutumia mkojo, na kinashangaza kidogo kwa kuwa minyoo wenyewe wako utumboni. Hutafuta ile antijeni iliyotapikwa na mnyoo. Antijeni hiyo husafiri na damu, hufika kwenye figo, nyingine huchujwa na kutoka na mkojo. Kwa hiyo mstari unaojitokeza kwenye kipimo hicho ni ushahidi kwamba uchafu wa minyoo wa utumbo hupita ndani ya figo kila siku. Mstari huo peke yake hauthibitishi kwamba figo zimeharibika.

Ili kujua aina ya uharibifu, kipande kidogo cha figo huchukuliwa kwa sindano na kuangaliwa kwa hadubini. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali kubwa tu, hivyo wagonjwa wengi huandikiwa "figo kushindwa kazi" bila chanzo kutajwa.

Matibabu

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja. Shuleni, ambako mizani ni shida, hutumika fimbo yenye alama inayokadiria idadi ya vidonge kwa urefu wa mtoto. Dawa huua minyoo wakubwa lakini haiwaui vizuri wale wachanga, kwa hiyo mtu anayeendelea kuingia ziwani huhitaji kurudia.

Kwa upande wa figo, wakati ndio unaoamua. Mtu akitibiwa kabla ini halijajaa makovu, chanzo cha antijeni hukatika na figo hubaki salama. Lakini vichujio vikishakuwa makovu, kuua minyoo hakuvirudishi. Katika madaraja ya baadaye ugonjwa huendelea hata baada ya mnyoo wa mwisho kufa. Hili huwaumiza wagonjwa na ndugu zao, ambao wameambiwa kwamba kichocho kina dawa na kimepona, kisha miaka michache baadaye wanaambiwa habari za mashine ya kusafisha damu. Kauli zote mbili ni za kweli.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kazi ya daktari ni kupunguza mwendo wa ugonjwa. Shinikizo la damu hudhibitiwa, na dawa kama enalaprili au losartani hupendelewa kwa sababu hupunguza pia uvujaji wa protini. Chumvi hupunguzwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huepukwa, kwani huzidhuru figo dhaifu. Figo zikishindwa kabisa hubaki mashine au kupandikizwa figo nyingine. Aliyewahi kuugua kichocho hazuiliwi kupandikizwa, ila yeye na mtoaji hupimwa na kutibiwa kwanza.

Hatari ya prednisoloni

Mgonjwa aliyevimba mwili na kupoteza protini, hasa mtoto, mara nyingi hupewa prednisoloni, dawa inayotuliza kinga. Kwa aina fulani za ugonjwa wa figo dawa hiyo hufanya kazi nzuri sana. Kwa ugonjwa wa figo wa kichocho uliokomaa haina faida kubwa. Lakini kuna hatari nyingine, inayotokana na mnyoo mwingine kabisa wa utumbo, ambaye hupatikana katika nchi za joto na anayeweza kumpata mtu yuleyule.

Mnyoo huyo ni Strongyloides stercoralis. Huingia kwa kupenya ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye kinyesi, na huishi katika utumbo mwembamba. Tofauti na minyoo wengi, viluwiluwi wake wanaweza kumwambukiza tena mwenyeji yuleyule bila kutoka nje, hivyo maambukizi hudumu miongo ya miaka kimyakimya. Kinga ya mwili huwazuia wasizidi. Kinga ikitulizwa kwa prednisoloni, huzaliana kupita kiasi, hutoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu, mapafu na ubongo. Wagonjwa wengi wanaofikia hatua hiyo hufa. Wameripotiwa pia wagonjwa ambao mnyoo huyuhuyu ndiye aliyeambatana na uvimbe na upotevu wa protini, na figo zao zikapata nafuu alipoondolewa.

Prazikwanteli haimuui mnyoo huyu, na dozi moja ya albendazoli haiaminiki. Dawa yake ni ivamektini. Kwa kuwa kipimo kimoja cha kinyesi humkosa mara nyingi, madaktari wengi katika maeneo ya maambukizi hutoa ivamektini kabla ya kuanza prednisoloni ya muda mrefu. Katika misitu ya Kongo tahadhari ya ziada huhitajika, kwa sababu ivamektini inaweza kumdhuru mtu mwenye wingi wa mnyoo wa jicho aitwaye Loa loa.

Historia

Mnyoo wa kichocho uligunduliwa na Mjerumani Theodor Bilharz mjini Kairo mwaka 1851. Kwa zaidi ya miaka 50 wataalamu walibishana kama ni aina moja au mbili. Mwaka 1907 Louis Sambon aliipa aina ya utumbo jina la Patrick Manson, na mwaka 1908 Pirajá da Silva aliieleza huko Bahia, Brazili. Ubishi ulimalizwa na Robert Leiper, aliyeonyesha nchini Misri mwaka 1915 kwamba kila aina ina konokono wake.

Nchini Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali iliwatibu wananchi wengi kwa sindano za dawa yenye antimoni. Sindano zilirudiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo, na virusi vya homa ya ini aina ya C vikaenea. Virusi hivyo navyo huharibu ini na figo, hivyo wagonjwa wengi wa huko walibeba magonjwa mawili yanayoshambulia viungo vilevile. Vidonge vya prazikwanteli, vilivyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1970, viliondoa haja ya sindano.

Kinga

Ushauri wa kutoingia ziwani ni rahisi kuandika kuliko kufuata. Mvuvi hana mahali pengine pa kazi, na anayefua nguo hufua palipo na maji. Maji yaliyotekwa na kuwekwa kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku 1 hadi 2 huwa salama kwa kuoga, kwa sababu viluwiluwi hufa bila kupata ngozi ya kupenya. Kujifuta haraka kwa taulo baada ya kuoga ziwani hakutegemeki. Choo kilicho mbali na maji hukata mzunguko mahali pengine, kwani yai lisilofika majini halimpati konokono.

Kwa miaka mingi dawa zilielekezwa kwa watoto wa shule, takriban miaka 5 hadi 14. Mpango huo umewasaidia wengi, ila uliwaacha nyuma watoto wadogo wanaobebwa na mama zao kwenda kufua, watoto wasiosoma, na watu wazima wanaofanya kazi majini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza, katika maeneo yenye maambukizi mengi, kutibiwa kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima na wajawazito baada ya miezi 3 ya kwanza ya mimba.